Baridi Kali na Taarifa ya Kweli
(Hotuba fupi iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya sayansi. Nimechagua kazi ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako maabara ya Profesa Blas Cabrera ilishiriki kubuni vipimo vya kunasa chembe ndogo mno.

Vipimo hivyo ni vipande vya gerimani, vilivyopozwa hadi chini ya sehemu moja ya ishirini ya digrii juu ya sifuri halisi, yaani karibu kabisa na digrii -273 za Selsiasi. Kwa nini baridi yote hiyo? Tulifundishwa hapa kwamba joto ni mtikisiko wa atomu. Chembe ikigonga kipande huacha joto dogo sana, ambalo katika kitu cha kawaida lingepotea kama mnong'ono sokoni. Baridi hunyamazisha soko. Ndipo utando mwembamba wa tungsteni uliobandikwa juu yake huweza kuhisi joto hilo na kubadili mkondo wa umeme.

Vipimo viliteremshwa katika mgodi wa zamani wa chuma uitwao Soudan, jimbo la Minnesota, kiasi cha mita 700 ardhini, ili mwamba uzuie miale ya angani. Kilichotafutwa ni maada ya giza, ambayo uvutano wake huonekana katika mwendo wa nyota, lakini yenyewe haijapata kunaswa.

Desemba 2009 wataalamu hao walitangaza kwamba wameona ishara mbili. Miaka ya jasho, fedha za umma, na sifa i mlangoni! Lakini hesabu yao ilionyesha kwamba chembe za kawaida zingeweza kuleta ishara kama hizo kwa uwezekano wa asilimia 23. Wakasema wazi: huu si ushahidi wa kutosha. Kazi inaendelea, na vipimo vipya vimepelekwa Kanada, kilomita 2 ardhini.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaandika taarifa za mavuno, za mahudhurio, za dawa zilizomo bohari. Mkubwa hupenda kusikia mema. Lakini taarifa ya mavuno ikipambwa, lori la chakula haliendi kwa wenye njaa. Walimu wetu walitutaka tuandike daftarini tulichokiona. Tuendelee hivyo maofisini.