Zabuni Tatu, Mizani Mbili

Msikilizaji, tuseme halmashauri imepokea zabuni tatu za kuchimba kisima. Mzabuni mmoja ana bei nafuu, wa pili ana uzoefu, wa tatu anaahidi kumaliza mapema. Nani apewe? Kwa kawaida tunasikia tu kwamba fulani kapata alama nyingi, na hakuna anayeuliza alama hizo zimepikwa jiko gani.

Katika miaka ya 1970, mwanahisabati Thomas Saaty alibuni njia ya kupima vigezo vya uamuzi iitwayo AHP. Vigezo hulinganishwa viwili viwili, bei na uzoefu, uzoefu na muda, hadi kila kimoja kipate uzito wake. Ninachokipenda ni kwamba humnasa mtathmini anayejipinga: mkanganyiko wake ukizidi kiasi cha asilimia 10, anashauriwa afikiri upya. Lakini mwaka 1983 watafiti Belton na Gear walionyesha kasoro yake. Ukiongeza mshindani anayefanana na aliyepo, wa kwanza na wa pili wanaweza kupinduana nafasi.

Wataalamu wengi huchanganya njia mbili. AHP hutoa uzito, kisha TOPSIS, njia ya watafiti Hwang na Yoon ya mwaka 1981, hupanga washindani kwa kupima nani yuko karibu na zabuni bora ya kufikirika na mbali na ile mbaya kabisa. TOPSIS nayo, tuseme ukweli, haijapona ugonjwa wa kupindua nafasi. Na kama uzito ulipangwa kwa upendeleo, itaubeba vilevile. Mimi ningetaka uzito huo uandikwe kwenye tangazo la zabuni, kabla bahasha hazijafunguliwa.