Simba Alipokufa, na Tutaona Alipokuja

(Mazungumzo ya bwana mifugo na klabu ya afya ya wanafunzi wa sekondari. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema.)

Kaeni tu, wanangu. Na ninyi mliosimama dirishani ingieni, nafasi ipo huku mbele, siumi.

Mwalimu wenu aliponiita aliniambia nije nizungumze juu ya kichaa cha mbwa. Nitazungumza. Ila nimemwomba ruhusa nianze na jambo jingine, nalo ni kulia. Hebu niambieni, nani hapa amewahi kumlilia mbwa aliyekufa? Mikono mitatu. Minne. Yule kaka wa nyuma ameinua nusu mkono. (Kicheko.) Basi na mimi nainua wangu, tena yote miwili, maana nimelia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili, kijana mzima, sauti imekwisha kuwa nzito, najiona mwanaume.

Mbwa wangu aliitwa Simba. Jina kubwa, lakini radi ikipiga alikuwa anaingia chini ya kitanda cha bibi. Sisi ni watu wa bonde la Kilombero, watu wa mpunga. Msimu ukifika familia inahamia shambani. Mnajenga dungu, mchana mtoto anakaa juu anafukuza ndege, na usiku wanakuja nguruwe pori. Simba alikuwa anazunguka shamba usiku kucha. Akibweka mara moja ukanyamaza, ujue ni mtu anapita njia. Akibweka mfululizo, amka ushike tochi. Mimi nililala usingizi kwa sababu yake. Chakula chake kilikuwa ukoko wa ugali na mchuzi wa dagaa, na kusema kweli mara nyingine nilimwibia kipande cha samaki mama asione.

Mwaka 1994, likizo ya Juni, nilirudi kutoka shule ya bweni nikamkuta Simba hayuko sawa. Hakunikimbilia. Alikuwa amejilaza nyuma ya banda la kuku, taya la chini limelegea, mate yanachuruzika, sauti imekauka kama ya mtu mwenye mafua. Nikampa maji, hakuweza kumeza. Nikampa ugali, ukadondoka. Sasa wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri mfupa umemkwama kooni. Nikamshika kichwa, nikamfungua mdomo, nikaingiza mkono kuutafuta. Mfupa haukuwapo. Jino lake likanikwaruza kidole gumba, kijeraha kidogo tu, damu yenyewe ya kufuta kwenye kaptula.

Siku ya tatu Simba akafa. Hakumuuma mtu, wala hakukimbia barabarani akitoa povu kama mnavyosimuliana. Ugonjwa huu una sura mbili. Ipo ya ukali: mbwa anatangatanga, anauma watu, mbuzi, hata miti. Na ipo ya kupooza: mbwa anakuwa mnyonge, taya linalegea, hawezi kumeza. Ya kwanza kila mtu anaikimbia. Hii ya pili ndiyo inayowapata wenye huruma, kwa sababu inafanana kabisa na mbwa aliyekwamwa na mfupa.

Bwana mifugo wa siku hizo akaja nyumbani, akauliza, "Nani amemgusa huyu mbwa mdomoni?" Mimi nikanyamaza.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini nilinyamaza. Kulikuwa na woga wa sindano, sikatai. Kulikuwa na woga wa baba. Lakini kubwa lilikuwa hili: niliona kwamba nikisema, Simba wangu atageuka kuwa yule mbwa mwenye kichaa, na kijiji kizima kitamkumbuka hivyo. Nilikuwa namtunzia marehemu jina lake. Nilikuwa tayari kufa kwa ajili ya jina la mbwa, na sikujua kwamba hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa naipiga.

Nikisema kufa sitanii. Kirusi cha kichaa kinakaa kwenye mate. Kinaingia kwenye jeraha, hata mkwaruzo, na mate yakifika machoni au mdomoni pia kinaweza kuingia. Kisha kinasafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi ni ya miezi miwili mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja tu, inaweza kufika hata mwaka. Muda wote huo kidonda kimepona, unacheza mpira, huumwi kitu. Siku kinapofika kwenye ubongo na dalili zikaanza, homa, kuchanganyikiwa, kuogopa maji, hapo karibu hakuna anayepona. Karibu hakuna kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Wadogo zenu hao.

Lakini safari ile ndefu ya kirusi ndiyo inayotupa nafasi. Chanjo inaweza kuwahi kufika kabla yake. Louis Pasteur alilithibitisha hilo huko Paris tarehe 6 Julai 1885, alipoanza kumchanja mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister aliyekuwa ameumwa na mbwa. Mtoto akapona, akakua, baadaye akawa mlinzi wa mlango katika taasisi yenye jina la Pasteur.

Mimi sikuwa na Pasteur, nilikuwa na bibi. Jioni ya pili baada ya kumzika Simba aliniona nimeshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Mjukuu wangu, hebu lete huo mwingine." Hakunigombeza. Akachukua mche wa sabuni na ndoo ya maji, akaniosha kile kidole mpaka nikalalamika, halafu akamwita baba. Alfajiri tukaondoka. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Baba akauza magunia mawili ya mpunga, tukadandia lori mpaka hospitali ya mbali. Nikachomwa, nikarudi kila siku niliyopangiwa, nikamaliza sindano zote. Ndiyo maana mnaniona.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mwalimu atakapotunga maswali. Ukiumwa, ukikwaruzwa, au ukilambwa kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, mkiona mmemaliza mjue bado. Usitie mafuta ya taa, wala pilipili, wala majivu, wala manyoya ya mbwa mwenyewe kama wazee wengine wanavyoelekeza. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Umechelewa? Nenda hivyo hivyo. Zile hadithi za sindano nyingi za kitovuni zinatokana na chanjo ya zamani. Ya siku hizi inachomwa mkononi. Ila ukiambiwa rudi siku fulani, rudi.

Na wewe unayeficha kwa sababu unaogopa mbwa wako atauawa, kama nilivyoficha mimi: kusema siyo kumhukumu. Mbwa mzima, asiye na dalili, akikuuma anafungwa na kutazamwa siku 10, wakati wewe umeshaanza sindano. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, mate yake hayakuwa na kirusi siku aliyokuuma. Sasa nani atakuwa amemtetea mbwa, aliyesema au aliyenyamaza?

Turudi kwenye kulia. Niliporudi shuleni nikamsimulia rafiki yangu mmoja, naye akalisambaza bweni zima. Wakawa wananibwekea nikipita. "Mfiwa huyo!" Nikajifunza kucheka nao. Mchana nacheka, usiku najifunika shuka. Maana tusidanganyane, kwetu mbwa ni tusi. Ukitaka kumdhalilisha mtu unamwita mbwa. Sasa mtu anayemlilia mbwa atasema nini mbele za watu?

Lakini si kweli kwamba mila na dini zetu zinamwona mbwa kama takataka. Wenzetu Waislamu wana utaratibu wao kuhusu mate ya mbwa, na mimi kama bwana mifugo siugombi utaratibu wowote unaomfanya mtu anawe. Hao hao wanafundishwa habari ya mtu aliyemkuta mbwa ana kiu kali, akashuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake akamnywesha, na kwa tendo hilo akasamehewa dhambi zake. Huko Japani kulikuwa na mbwa aliyeitwa Hachiko. Bwana wake, mwalimu wa chuo kikuu, alifariki Mei 1925, na mbwa akaendelea kwenda stesheni ya treni ya Shibuya kumngoja karibu miaka 10, mpaka naye alipokufa Machi 1935. Watu walimjengea sanamu ya shaba mwaka 1934. Wakati wa vita sanamu ikayeyushwa. Mwaka 1948, nchi bado inajijenga upya, wakaitengeneza nyingine. Sasa mimi na machozi yangu ya chini ya shuka nimezidi nini?

Niliapa sitafuga tena. Desemba 1995 mjomba akaja na mtoto wa mbwa ndani ya kapu, jike, rangi ya kahawia, tumbo kama mpira. Baba akataka aitwe Simba. Bibi akakataa, akasema jina hilo lina mwenyewe. Mimi nikasema muiteni mnavyotaka, mimi simpendi na sitampenda. Bibi akajibu neno moja tu: "Tutaona." Basi likawa ndilo jina lake.

Nilimwonea yule mnyama, naungama. Kila alichofanya nilisema Simba asingefanya hivi. Alitafuna ndala zangu. Aliogopa kuku. Usiku wa kwanza shambani alibweka mpaka asubuhi, tunatoka na tochi, kumbe anawabwekea vyura. Nikacheka. Nikacheka mpaka nikakaa chini, na yeye akaja akaweka kichwa kwenye goti langu pale pale Simba alipokuwa anaweka. Nikamsukuma. Niliona kama nimekamatwa naiba.

Bibi alikuwa ameona. Kesho yake tunapepeta mpunga akaniambia, "Kabla ya baba yako nilizika watoto wawili. Ulidhani yeye nilimpenda nusu?" Akaendelea kupepeta. Sikumjibu, ningemjibu nini? Jioni nikampelekea Tutaona ukoko mwenyewe.

Na alipofika miezi mitatu nikambeba mikononi, kilomita saba, kumpeleka akachanjwe. Nilikuwa nimegundua jambo ambalo baadaye nililisomea chuoni kwa hesabu. Chanjo hairithiwi. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia, unakatika. Katika vijiji vya Serengeti kampeni ya kuchanja mbwa ilianza mwaka 1996, na mbwa wenye kichaa wakapungua, na watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa wakapungua pia. Lakini mbwa wa vijijini hawaishi sana. Mwaka huu umechanja 70, mwakani wengine wamekufa, watoto wao wamezaliwa, na wale wapya hawana kitu mwilini. Kisiwani Pemba kichaa kilitokomezwa mwaka 2014, chanjo zikalegea, mwaka 2016 kikaingia tena, watu wakafa. Ikabidi kuanza upya kuchanja kijiji kwa kijiji, mpaka kikakatika tena mwaka 2018.

Wengi mnaniambia, "Sisi kwetu tulichanja." Nikiuliza yule mbwa yuko wapi, alikufa zamani! Huyu wa sasa mmempa bakuli la marehemu, mnyororo wa marehemu, wengine hata jina la marehemu, mkadhani na kinga kairithi. Huyu ni mwingine. Hata akiwa bado hajafikisha miezi mitatu, kampeni ikipita kwenu mleteni hivyo hivyo.

Tutaona aliishi mpaka 2007. Alikuwa hasikii vizuri na macho yana ukungu, akalala chini ya mwembe mchana mmoja hakuamka. Hiyo ndiyo mara ya pili niliyolia, na safari hii mke wangu na watoto walilia pamoja nami, hakuna aliyejificha. Tulimzika palepale. Sasa nina mwingine anaitwa Mpole, na si mpole hata kidogo, ameshanichania suruali mbili za kazi. Bado natazama pale chini ya mwembe nikipita. Na Mpole ananifuata nyuma.

Muda umekwisha, naona mwalimu anatazama saa. Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi nitakuwa uwanja wa mpira na chanjo. Njooni na mbwa wenu, wamefungwa kamba, na mwenye mbwa mkali asubiri pembeni nitamfuata. Asije mtoto mdogo peke yake na mbwa mkubwa. Jambo la mwisho: kwenye kadi kuna nafasi ya kuandika jina. Kila mwaka nauliza, "Anaitwa nani?" na kuna mtu ananijibu, "Andika tu mbwa." Kama hana jina, mna siku tatu za kumtafutia.