Historia na Jiografia Zifundishwe Pamoja

Leo tunafungua mafunzo haya ya walimu wa shule za msingi. Nina hoja moja: historia na jiografia zifundishwe kwa pamoja, maana maswali ya somo moja majibu yake yamo katika lile jingine.

Chukueni mji wa Kilwa. Mwanafunzi husoma kwamba msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 akaukuta mji umestawi, na kwamba Wareno waliuvamia mwaka 1505. Atakariri miaka hiyo, lakini hatajua kwa nini utajiri ule ulikwenda Kilwa. Jibu liko kwenye ramani na kwenye pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha, na Kilwa ilikuwa karibu na kikomo cha safari ambayo jahazi liliweza kwenda na kurudi ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala, iliyotoka kusini zaidi, ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Akilielewa hilo, mtoto hatazisoma tena pepo za msimu kwa ajili ya mtihani tu. Atajua zilijenga miji na kutajirisha watu.

Wapo watakaosema kwamba somo la Maarifa ya Jamii lilikwisha kuyaunganisha masomo haya, na mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeyatenga: Historia ya Tanzania na Maadili, kisha Jiografia na Mazingira. Hoja yao ina msingi. Ukibana masomo mawili katika kitabu kimoja bila mpango, yote mawili hupwaya. Lakini ninachoomba hakifuti somo wala hakibadili mtihani. Kinataka walimu wawili wakae pamoja wanapoandaa azimio la kazi, ili mada ya pepo za msimu ifundishwe wiki ileile ya miji ya pwani. Na kwa anayehofia muda, ramani moja iliyochorwa ubaoni itatumika katika vipindi vyote viwili.

Walimu wakuu, nawaomba mlisimamie hili kuanzia muhula ujao. Mtoto anayejua tukio bila kujua mahali lilipotokea na sababu yake, bado hajafundishwa. Baada ya kusema hayo, natamka kwamba mafunzo haya yamefunguliwa rasmi.