Utulivu wa Mgonjwa Si Kipimo cha Nafuu

Mgeni rasmi wa mahafali haya ya wauguzi, aliyetumikia wodi za wagonjwa wa akili kwa sehemu kubwa ya utumishi wake, anaomba kuzungumzia sentensi moja inayojaza mafaili ya wagonjwa: "Ametulia, anaendelea vizuri." Sentensi hiyo haimsaidii daktari kitu, kwa kuwa mtu hutulia kwa sababu amepata nafuu, au dawa zimemlemea, au amekata tamaa hata akaacha kusema.

Njia ya kuiepuka sentensi hiyo ipo: mwaka 1965 watafiti wa Marekani, Honigfeld na Klett, walichapisha kipimo kiitwacho NOSIE, yaani orodha ya tabia ambazo muuguzi huziangalia kwa mgonjwa aliyelazwa. Toleo lake lililozoeleka lina vipengele 30, na kila kimoja hupewa alama kuanzia 0, tabia isipoonekana kabisa, hadi 4, inapoonekana daima, kwa kuzingatia siku 3 zilizopita. Kipimo hicho hakimwulizi mgonjwa anajisikiaje, bali humtaka muuguzi aseme alichokiona: kama mgonjwa huanzisha mazungumzo, hucheka panapochekesha, hutunza nguo zake, hunung'unika peke yake, au hulala mchana kutwa asipoamshwa. Kwa hesabu hiyo, anayejikunyata kitandani bila fujo hahesabiwi kuwa amepona, maana uzito wa mwendo nao ni dalili, kama ilivyo hasira.

Kosa la upande wa pili, la kudhani kuwa kila kutotulia ni ugonjwa, ni baya zaidi. Dawa kama haloperidoli huweza kuleta akathisia, hali ya mwili kushindwa kabisa kutulia, ambapo mgonjwa hutembea huku na huku na kubadilisha miguu akiwa amesimama. Muuguzi asiyeitambua huandika kwamba ugonjwa umezidi, dozi ikaongezwa, na mateso yakaongezeka kwa mkono wa wale waliokusudia kuyapunguza. Lawama hapa ni ya taaluma nzima, ambayo kwa muda mrefu mno imesifu wodi iliyo kimya bila kuuliza ukimya huo umetoka wapi.

Wahitimu watakaopangiwa Hospitali ya Mirembe, Dodoma, au kwingineko, wahakikishe mgonjwa anapimwa kwa NOSIE na wauguzi wawili, kila mmoja peke yake, kabla ya kulinganisha alama. Ndugu wanaokuja kumtazama nao waulizwe alivyokuwa akisalimia, akila na akilala kabla ya kuugua, kwa sababu aliyekuwa mkimya tangu utotoni hapimwi kwa kigezo cha aliyezoea kupiga soga barazani.