Kutafuta kwa Kiswahili: Lugha na Maarifa ya Usambara katika Zama za Mtandao



Utangulizi

Mada ninayoizungumzia leo inahusu teknolojia za mtandao katika kujifunza, kutafuta na kuhifadhi maarifa. Kwa kawaida mada hii huachiwa wataalamu wa kompyuta. Nakusudia kuonyesha kwamba sehemu yake kubwa ni kazi ya wanaisimu na watunga kamusi, na hasa sisi tunaojishughulisha na Kiswahili. Hoja yangu ni moja: kuweka maarifa katika mtandao si sawa na kumfikishia mtu maarifa hayo. Kati ya maarifa na mtu limesimama neno analoliandika anapotafuta. Neno hilo lisipokutana na neno alilolitumia aliyehifadhi, maarifa hubaki palepale, hata kama yamewekwa wazi kwa dunia nzima.

Ili hoja hii isielee hewani, nitaifunga mahali pamoja, yaani Lushoto na Milima ya Usambara. Ni sehemu chache za nchi yetu zilizoandikwa kwa muda mrefu na kwa lugha nyingi kama milima hiyo. Kwa hiyo ni mahali panapofaa kuulizia: je, aliye pale anayapata yale yaliyoandikwa juu ya pale?

1. Ghala lenye majina mengi

Kwa Kiswahili tunayo Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, iliyochapishwa Magila kwa sehemu kati ya 1895 na 1907, nayo ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya historia katika lugha yetu. Kwa Kijerumani ipo sarufi ya Kishambaa ya Karl Roehl ya 1911 na kamusi ya LangHeinrich ya 1921. Pia yapo maandishi ya taasisi ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa 1902 katika Usambara ya Mashariki. Kwa Kiingereza zipo kazi za Steven Feierman za 1974 na 1990, na msamiati wa Kishambaa ulioainishwa na Ruth Besha, uliochapishwa Tokyo mwaka 1993.

Vitu vyenyewe navyo vimetawanyika. Mimea iliyokaushwa ya Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na huko ndiyo msingi wa hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki. Mingine iliyopelekwa Berlin iliteketea hifadhi ya mji huo ilipopigwa mabomu mwaka 1943. Hapa teknolojia imetusaidia sana: picha za sampuli zilizosalia katika hifadhi mbalimbali za dunia, pamoja na majarida mengi ya kale, zimewekwa mtandaoni. Mtafiti aliyeko Lushoto anaweza kuliona jani lililochumwa Usambara zaidi ya miaka mia moja iliyopita bila kupanda ndege.

Lakini ili alione, lazima alitafute kwa jina. Akiandika “Lushoto”, nyaraka za zama za Wajerumani zinaweza kumpita, kwa kuwa mji huo uliitwa Wilhelmstal. Akiandika “Mlalo”, atayakosa maandishi ya wamisheni walioiita Hohenfriedeberg. Usambara, Usambaa, Shambalai na Schambala ni milima ileile, lakini kwa mtambo wa kutafutia ni mfuatano wa herufi tofauti.

2. Umbo la neno

Kikwazo cha kwanza kimo ndani ya sarufi yetu. Tumchukue mkulima wa viazi mviringo, zao linalolimwa Lushoto pamoja na nyanya, kabichi na karoti. Anaiona mimea yake inalegea na kufa. Anachukua simu na kuandika: “viazi vinanyauka”. Kijarida kinachoweza kumsaidia kina kichwa kisemacho “Mnyauko bakteria wa kiazi mviringo”. Kwa sikio la Mswahili yeyote, mkulima na mtaalamu wanazungumzia jambo moja. Kwa mtambo unaolinganisha herufi tu, hakuna neno hata moja lililofanana: vinanyauka si mnyauko, wala viazi si kiazi.

Hasara yake si ya kinadharia. Mnyauko bakteria hautibiki kwa dawa ya ukungu. Hukingwa kwa mbegu safi, kwa kung'oa mimea iliyougua, na kwa kubadilisha mazao; tena shamba hilo lisipandwe nyanya, kwa sababu nyanya nazo hushambuliwa na ugonjwa uleule. Asiyelipata jibu hili hununua dawa isiyofaa, hupoteza fedha, na msimu unaofuata hurudisha ardhini mbegu iliyougua.

Mbinu nyingi za mwanzo za utafutaji zilitengenezwa kwa lugha ambazo maneno hubadilika zaidi mwishoni. Ilitosha kuikata mikia ya maneno ili kuyakutanisha. Kiswahili hubadilika mwanzoni, katikati na mwishoni. Katika hawakuvipandikiza, shina limetanguliwa na viambishi vinne, nalo lenyewe limenyambuliwa kutoka panda. Na panda hiyo ni ya kufukia mbegu au ya kukwea mlima? Sentensi nzima ndiyo inayoamua.

Watunga kamusi walikutana na swali hili kabla ya kompyuta. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 iliziweka nomino nyingi zilizotokana na vitenzi chini ya vitenzi vyake, ili mpishi apatikane penye pika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 iliifuata herufi ya kwanza ya nomino, ili msomaji wa kawaida asihitaji kuijua sarufi kwanza. Njia ya kwanza ilihifadhi udugu wa maneno, na ya pili ilimrahisishia mtafutaji. Mtambo mzuri wa kutafutia hauna budi kufanya yote mawili.

Jambo hili linawezekana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alionyesha katika makala ya 1992 namna kompyuta inavyoweza kulichambua neno la Kiswahili kiambishi kwa kiambishi. Kazi hiyo ndiyo iliyowezesha kongoo ya Helsinki ya 2004, yenye maneno milioni 12.5 hivi, kutafutwa kwa shina na kwa ngeli badala ya herufi pekee.

Wengine watasema kwamba akili mnemba, iliyoenea tangu mwishoni mwa 2022, imelimaliza tatizo hili. Imelipunguza, kwa kuwa mifumo hiyo hukadiria ukaribu wa maana na haitegemei herufi tu. Hata hivyo, hujifunza kutokana na matini zilizopo. Penye uhaba wa matini za Kiswahili kuhusu viazi vya Lushoto, mfumo utajibu kwa Kiswahili fasaha mambo yaliyookotwa katika mashamba ya nchi nyingine. Ufasaha wa jibu usitufanye tusahau kuuliza lilikotoka.

3. Jina la kitu

Kikwazo cha pili ni majina. Mti ambao Washambaa huuita mkulo, Wachaga huuita mseri, na katika sayansi huitwa Ocotea usambarensis. Mbao zake ni maarufu. Fundi na mtaalamu wa misitu wanauzungumzia mti mmoja, lakini kila mmoja akitafuta kwa jina lake hufikia maandishi tofauti, wala hakuna anayejua kwamba mwenzake ameandikiwa mengine.

Jina la kisayansi lenyewe si ngome isiyotikisika. Ua mashuhuri la Usambara lilipewa jina la Saintpaulia mwaka 1893, kwa heshima ya ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka Ulaya. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Tangu hapo, anayetafuta kwa jina moja tu hukosa nusu ya habari. Wanabotania wana desturi ya kutunza orodha ya majina ya zamani na mapya ili njia isikatike. Swali langu ni hili: nani anatunza orodha inayounganisha jina hilo na jina analolijua bibi wa Mlalo au Bumbuli?

4. Mpangilio wa mawazo

Kikwazo cha tatu ni kigumu zaidi, kwa maana hakiko katika neno bali katika mpango mzima wa mawazo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulipanuliwa Usambara. Watu walilazimishwa kulima matuta. Walipinga kwa miaka kadhaa, na mwaka 1957 ulazimishaji huo uliachwa.

Mtafiti anayeingia katika hifadhi ya nyaraka kwa maneno “hifadhi ya udongo” atakutana kwanza na sauti za maofisa. Feierman ameonyesha kwamba Washambaa waliijadili hali ya ardhi kwa dhana mbili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Katika dhana hizo, mvua, chakula, uhalali wa mtawala na ugomvi wa wenye mamlaka ni mambo ya mjadala mmoja. Ukizitafsiri kwa neno “mmomonyoko”, umeshautenga udongo na siasa, na upinzani wa watu utaonekana kuwa ukaidi tu. Anayepanga faharasa, basi, anaamua ni fikra za nani zitakazopatikana.

5. Nini kifanyike

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, faharasa ya wazi ya Kishambaa, Kiswahili na majina ya kisayansi, itakayoanzia kwenye kazi ya Besha na kukamilishwa na wazungumzaji wenyewe. Iwe na majina ya mahali ya kale na ya sasa, na itunze dhana kama kuzifya shi kwa maelezo yake badala ya kuzibana ndani ya neno moja la tafsiri.

Pili, kila tafiti inayofanyika Usambara iwe na muhtasari wa Kiswahili wenye maneno ambayo watu huyatumia: si mnyauko peke yake, bali pia vinanyauka. Kurasa mbili zinatosha. Bila hizo, mkulima aliyehojiwa hatajua kamwe alichangia nini.

Tatu, wanafunzi wetu wa isimu wajifunze kuchambua maneno kwa kompyuta, na zana watakazotengeneza ziachwe wazi kwa kila anayetaka kuzitumia.

Naongeza tahadhari. Si kila kinachojulikana kinapaswa kuwekwa hadharani. Maarifa ya dawa za miti yana wenyewe, na baadhi yake hurithishwa kwa masharti. Kabla ya kuyaingiza katika hifadhi yoyote, wenyewe waulizwe, na jibu la “hapana” liheshimiwe.

Hitimisho

Mabibi na mabwana, Waswahili husema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mkulima wa Lushoto ameshauliza, tena kwa lugha yake, akiwa na simu mkononi. Kilichobaki ni upande wetu: je, tumepanga maarifa kwa namna ambayo swali lake linaweza kuyafikia? Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Inahitaji watu wanaoijua ngeli, wanaoijua milima, na wanaokubali kwamba kutunga faharasa ni utafiti kamili, wenye haki ya kuheshimiwa kama utafiti mwingine wowote wa chuo kikuu.