Hofu ya punyeto haikutoka kwa wazee

Tangazo la dawa ya "athari za punyeto" hubandikwa kwenye nguzo ya umeme, chini yake namba ya simu, na kijana wa Kyela akilisoma huamini kwamba mgongo unaomuuma ni adhabu ya mkono wake. Wengi hudhani hofu hiyo ni urithi wa wazee. Sivyo. Mwaka 1760, daktari wa Lausanne, Samuel Tissot, alichapisha kitabu akidai punyeto hunyausha mwili na kudhoofisha macho, na madaktari wa Ulaya wakamfuata kwa zaidi ya karne moja. Wamisionari wa Kijerumani walipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, huko kwao mafundisho hayo yalikuwa bado na nguvu. Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, nao walikuwa na staha yao: mwanaanthropolojia Monica Wilson, katika kitabu chake cha 1951, ameeleza jinsi vijana walivyojenga vijiji vya rika lao, ili mambo ya unyumba ya wazazi yakae mbali na watoto. Hiyo ni heshima, si ugonjwa.

Atasema mtu kwamba dini inakataza. Ni kweli, na muumini ana haki ya kuishika imani yake. Lakini dhambi ni jambo la toba, halithibitishi upofu wala utasa, na tiba ya leo haijaona punyeto ikisababisha lolote kati ya hayo. Kijana mwenye maumivu, au aliyeshindwa kujizuia, aende kituo cha afya. Fedha yake asimpe mwenye tangazo.