Kalibu ya Chapeo

Hapa Miritini tunatengeneza chapeo ya Goliathi kwa ajili ya mchezo wa vijana. Tumeifinyanga kwa udongo, kubwa mno, maana jitu lile lilivaa dirii ya shekeli 5000. Tuliigawa kwa ukuta mwembamba wa udongo, tukafunika upande mmoja kwa jasi yenye nyuzi za katani. Ilipokauka tukapaka ukingo wake sabuni, pande mbili zisishikane, ndipo tukamimina wa pili.

Jasi inapokaza hupata joto, na hapo ndipo vijana hutaka kufungua. Kalibu ikifunguliwa mapema huvunjika. Basi tukangoja, tukanywa chai, malori yakinguruma kwenye barabara ya Nairobi.

Kalibu haichagui: hata alama ya kidole juu ya udongo huitunza. Ndani yake tutabandika karatasi kwa gundi ya unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka.

Tena, chapeo ya Sauli nayo itatoka humo humo. Someni 1 Samweli 17:38-39. Daudi alivikwa chapeo ya mfalme, akaivua kwa kuwa hakuizoea. Daudi wetu ana miaka 12; itamfunika hadi mabegani, na watu watacheka. Wako wazee wasiopenda kicheko kanisani. Sisi twasema, waacheni wacheke, kisha wamwone mtoto akiivua, akiiweka chini, na kuinama kuokota mawe matano.